Cherehani ya Tappita

Baba aliileta usiku, mwaka wa themanini na tano,
juu ya lori la jeshi,
imefunikwa kitenge cha mwanamke tusiyemjua.
Mama hakuuliza. Alipangusa vumbi,
akatia mafuta, akajaribu kanyagio,
na sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka,
kama mtu anayeitikia kwa kichwa asilolipenda.

Sare yangu ya darasa la tatu ilishonwa kwayo.
Nilipita katikati ya Zwedru nimenyooka,
Marthaline, binti wa sajini, binti wa Wakrahn,
enzi zile neno "wetu" lilipokuwa na mshahara.
Wetu yuko ikulu. Wetu yuko bandarini.
Wetu ndiye mwenye funguo.
Mjomba asiyejua kusoma akapewa ofisi yenye rafu za vitabu.
Sicheki. Wali wa ofisi ile niliula,
na ukoko nikaukwangua.

Huko Nimba, kwa Wagio na Wamano,
watu walizika watu wao bila kupaza kilio.
Hatukusikia.
Cherehani ilikuwa na kelele.

Kisha zamu ikageuka.
Wavulana wakafunga kamba barabarani, mti hadi mti,
wana bunduki na kofia za harusi,
na swali lao lilikuwa moja tu: Sema.
Sema chochote. Tukusikie.
Nani alijua ulimi ni kitambulisho
usichoweza kukitupa kichakani?

Ma Yei, muuza mawese, Mgio wa Tappita,
ambaye mama alimdai na hakumsamehe hata senti,
alinishika kiwiko.
"Huyu wangu. Ana homa ya kichwa, hasemi."
Nikawa bubu siku kumi na moja.
Hata kikohozi nilikimeza,
nisije nikakohoa Kikrahn.

Ng'ambo ya mto Cestos tulipokewa na watu
wanaolia kama sisi, wanaotukana kama sisi,
ila vyeti vyao vimeandikwa Kifaransa.
Aliyeuchora mpaka ule
alipitisha kalamu katikati ya shangazi zangu.
Baba hakuvuka.
Kaburi lake silijui.
Wala siyajui makaburi aliyoyajaza.

Juzi amekuja mgombea.
Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu:
magunia thelathini ya mchele, fulana, spika mbili.
"Wetu," akasema, "safari hii ni zamu yetu."
Watu wakapiga makofi, nami nikapiga,
mikono ina mazoea yake.
Lakini usiku nilikwenda nyuma ya choo cha zamani
na jembe,
mahali mama alipoizika akiwa amenuna,
imepakwa mawese, imeviringishwa plastiki mara saba.

Dereva wa pikipiki aliifunga kwa mpira, akataka nauli ya watu wawili.
Nikalipa. Ni haki yake; ilikuwa nzito kama mtu.

Tappita nilizunguka siku nzima nikiuliza:
Nani aliibiwa cherehani? Wakanitazama.
Mama, waliniambia, unauliza nani *hakuibiwa*?
Mmoja akasema ni ya dada yake.
Mwingine akasema dada yake huyo hakuwahi kushona hata kifungo.

Jioni nikafika kwa Ma Yei.
Jicho moja limeingia ukungu. Sauti ni ile ile.
Nikamwambia yote: lori, kitenge, sare, mimi.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya mwisho, mazuri,
niliyafanyia mazoezi njia nzima juu ya pikipiki.

Hakuyangoja.
Aliizungusha gurudumu kwa kidole.
"Inasugua," akasema.
Akaingia ndani, akakaa sana huko,
akatoka na gauni la manjano.
"Kwapa limeachia. Shona."

Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweusi.
Nikashona.