Mbuzi Kala Unga

Hull, saa nane usiku. Mashuka ya hospitali.
Mashine namba nne imegoma tena,
na meneja kabandika karatasi ukutani:
mwisho wa mwezi wa pili, milango inafungwa.
Hakuna aliyeisoma mara mbili.
Tulikunja. Pembe kwa pembe, wawili wawili,
kama watu waliotaka kucheza dansi
wakaishiwa nguvu.

Wabiwa ndiye aliyeanza, akiuvumisha puani:
*Mbuzi kala unga, mbuzi karamba chumvi,
mwiteni arudi, hatumpigi.*

Nikainua kichwa. Huo wimbo ni wetu!
Bibi yangu aliuimba Kigoma akitwanga.
Wabiwa akasema ni wao, wa Uvira,
na Shamsa wa Barawa, asiyesemaga na mtu,
akaweka pasi chini:
"Nyote mmekosea. Si chumvi. Ni sukari."
Tukabishana mpaka chai ikapoa.
Ubeti wa tatu hakuna aliyeukumbuka,
kila mmoja akatia kiraka chake.

Tukauimba theluji ilipolaza mabasi,
tukauimba barua ya uhamiaji
ilipomkataa Shamsa mara ya pili.
Lorraine, mzaliwa wa hapa,
miaka thelathini ndani ya mvuke huu,
aliudaka kwa sikio tu,
"buzi kalunga, buzi kalunga,"
akipiga kopo la sabuni kwa kijiko.
Maana hakuuliza.

Trevor, mumewe, akafa wiki ile ile ya kufungwa.
Lorraine akapiga simu: kinanda cha kanisa hataki.
"Njooni na ule wimbo wenu."
Tukatazamana.
Nani amwambie mjane
kwamba ni wimbo wa mbuzi mlafi?

Tukasimama mbele ya jeneza na makoti yetu ya mitumba,
ndugu zao wanane, sisi watatu, mvua dirishani.
Wabiwa akaanza, chini kabisa.
Na tulipofika pale,
*mwiteni arudi, hatumpigi,*
sauti yangu ikakatika.
Maneno niliyoyaimba tangu sina meno,
leo ndiyo nayasikia.

Shamsa akaimba chumvi.
Nilimsikia vizuri: chumvi.

Ubeti wa tatu ulipofika
hatukuwa nao. Tukamwachia Lorraine.
Akaujaza kwa jina la mumewe,
mara nne,
akigonga mgongo wa kiti kwa kidole
kama kopo la sabuni.