Matairi Mawili

Kijana wa polisi pale daraja la Sabaki
aliinama, akapitisha kidole kwenye tairi la mbele,
akaniuliza kwa upole: "Mama Boflo, hili limenyolewa na nani?"
Nikamwambia limenyolewa na barabara ya Marafa,
kwa wembe wa mawe, bila maji wala sabuni.
Akacheka. Akachukua boflo mbili.
Akasema wiki ijayo hatacheka.

Basi leo nimefunga elfu tisa kwenye pindo la leso,
noti za chenji, zinanuka hamira,
nikaingia mjini kabla jua halijapanda ukuta wa soko.

Duka la kwanza lilikuwa na kioo na feni.
Walinipa kiti na soda kabla ya kunipa bei.
Nilipoisikia bei nikajua na soda imo ndani.
Nikainywa yote, nikaaga.

La pili, kwa Mohsin Basharahil:
tasbihi mkono mmoja, kikokotoo mkono wa pili.
"Mapya kabisa, Bi Nyevu, hata karatasi hayajavuliwa.
Elfu tatu na mia nane. Kwako wewe tu."
Kwangu mimi tu,
na kwa yule aliyetoka mlangoni nikiingia,
ambaye naye ilikuwa kwake yeye tu.

Lakini marehemu Ngumbao, aliyeniachia gari na deni la gari,
alinifundisha kusoma tairi kama wengine wasomavyo kiganja.
Ubavuni, karibu na rimu, tafuta tarakimu nne:
mbili za wiki, mbili za mwaka.
Nikachuchumaa, nikafuta vumbi kwa ncha ya leso.
Wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na saba.
"Mohsin, hili limezaliwa
mwanangu Kadzo hajaota jino.
Kadzo sasa anaandika insha."
Akasema halijatembea hata hatua moja.
Nikasema hata mtu akikaa kitako miaka yote hiyo
magoti humlia.

Tasbihi ikasimama. Akamwita mpwawe ghalani.
Yakaja mengine mawili, meusi ya kung'aa kama mbegu za stafeli,
wiki ya nne, mwaka huu huu.
Elfu tano. Nne. Tano kasoro mia.
Nikataja ada ya shule. Akataja ushuru, bandari, dola.
Nikataja njaa ya Marafa yote.
Tukakutana kwenye elfu nne na mia tatu,
kila mmoja amekunja uso
kama watu waliouziana vizuri.

Kwa Changawa, chini ya mabati ya Kisumu Ndogo,
jeki inapanda ikilia kama mlango wa choo.
Nati ya nne imeshikwa na kutu. Anaipanda spana kwa miguu miwili,
anadunda juu yake kama mtoto kwenye kitanda cha wageni.
Sasa ugomvi. Mimi nataka mapya yakae mbele,
ndiko ninakotazama, ndiko kidole cha polisi kinakopita.
Changawa anasema nyuma; ya nyuma bado yana meno, yaje mbele.
"Mbele ikiteleza utaisikia mkononi.
Nyuma ikiteleza utaisikia ukiwa mtaroni."
Nyuma, basi.
Mia kwa kila tairi, valvu hamsini hamsini.
Nimebakiwa na mia moja, na hoja sina.

Yale mazee ameyaomba, ana shemeji anayeshona akala.
Moja nimempa.
La pili nimelirudisha ndani ya gari, sikumweleza kwa nini.
Lile Ngumbao alilifunga kwa mkono wake.

Mapya yana nywele: vinyuzi vya mpira, laini,
kama za kichanga kabla ya siku ya kunyolewa.
Nimezipapasa nikijua hazitafika Mambrui.
Nimepakia boflo mia na ishirini, zingali moto.

Pale Sabaki kijana akainama, akapitisha kidole mbele,
akazunguka nyuma, akakuta nywele.
"Haya nayo, Mama Boflo, atayanyoa nani?"
Nikamwonyesha barabara kwa kidevu.
Boflo alichukua moja.