Robo Eka, Matungu

Mwaka wa tatu lori la kiwanda halikuja.
Miwa ikazeeka, ikalala, panya wakanenepa.
Nikaing'oa kisiki kwa kisiki,
robo eka nzima, hadi jembe likavunjika mpini.

Chini ya kitanda cha marehemu mama,
kibuyu kilichozibwa kwa gunzi:
mbegu za mitoo, mrenda, njugumawe,
jivuni, fukusi wasizione.

Nikazitupa zote pamoja, bila mstari.
Wekulo akaegemea ua:
"Mama Khayo, hili shamba au kichaka?"

Nyuki wakanijibia.
Khayo naye amechuchumaa, akihesabu nyungunyungu,
amefika kumi na saba, amepotea,
anaanza upya.

Jana Wekulo alikuja na kikombe kitupu.
"Sukari ipo," nikamwambia.
Akatikisa kichwa,
macho kwenye kibuyu.