Makato

Sanduku lilikuwa la viatu, saizi kumi na moja,
chini ya kitanda chake kule Lorain, Ohio,
nyumba ya pili kutoka reli ya kiwanda cha mabomba.
Nilikwenda kumfungashia vitu. Nilitarajia picha, labda barua.
Nikakuta hati za mshahara za miaka minane,
kila mwaka umefungwa kwa mpira wake,
na mpira wa tisini na saba ulikatika nilipougusa.

Elvin Rosado. Mchomeleaji. Zamu ya usiku.
Kodi. Chama. Bima.
Halafu, chini kabisa, kwa wino uliofifia:
matunzo ya mtoto, dola hamsini na tatu.
Kila wiki. Hata wiki ya Krismasi.
Hata wiki ile kiwanda kilipolala siku tatu
naye akarudi nyumbani na dola tisini na senti.

Mtoto ni mimi.
Na mimi, Yamilka, nilikua nikiwaambia wenzangu shuleni
baba hatoi hata ndururu.
Mkono mtupu haulambwi,
na wake niliukagua kila Jumapili.

Nikampigia mama.
Nikasikia maji ya bomba. Kisha bomba likafungwa.
"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema Nereida,
ambaye mpaka leo hasemi serikali, husema dirisha.
"Dirisha liliniambia, ukitaka posho ya mtoto, mtaje baba.
Nikamtaja.
Likasema, sasa tia saini hapa:
atakacholipa yeye ni chetu,
mpaka tujirudishie tulichokupa.
Nikatia. Ulikuwa na homa, begani kwangu,
na foleni nyuma ilikuwa inakohoa."

Kumbe.
Mkono mmoja ulinipa,
mkono mwingine ukapokea kwa baba,
na mikono yote miwili ni ya mwili mmoja
usiojua nilipenda mkate uliokatwa pembe.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
hamsini na tatu, mara wiki za mwaka, mara minane.
Elfu ishirini na mbili na arobaini na nane.
Nikaandika pembeni kiasi kilichovuka kizingiti chetu.
Sifuri ile niliichora kubwa, nikaipitishia kalamu
mpaka karatasi ikatoboka.

Nasikia siku hizi majimbo mengine huachia kidogo kipite.
Heri yao. Miguu yangu imeshakua.

Chini ya hati kulikuwa na barua ya mahakama, ya malimbikizo,
na risiti imebanwa juu yake kwa pini iliyoshika kutu:
buti za theluji, za msichana, za zambarau.
Kwa mwandiko wa mtu mwingine, pembeni:
*Hii ni zawadi. Haipunguzi deni.*

Buti zile nazikumbuka!
Zilikuwa mlangoni Januari, upepo wa ziwa ukiuma, bila jina.
Mama alizificha siku tatu juu ya friji
akihofia dirisha litauliza: nani kanunua, lini, na nini kingine.
Akaichoma lebo ya bei juu ya jiko.
Akaniambia zimetoka kanisani.
Nikamshukuru padri, naye, maskini, akaitikia.

Jumapili nikampelekea risiti kwenye nyumba ya wazee.
Mabomba yamemla masikio, kwa hiyo sikusema kitu,
nikaiweka tu juu ya blanketi.
Akaisogeza karibu na dirisha, dirisha la kweli, la kioo,
akaisoma kwa kidole.

"Zilikutosha?"

Nikainua mkono, kidole gumba na cha shahada,
nikamwonyesha: zilibana, hivi.

"Nilikisia," akasema.
"Hapakuwa na wa kumuuliza."