Ngozi ya Kiatu

Kengele ya kwanza ilipogongwa Tutuo
nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya bomba,
shavu juu ya saruji,
nikisikiliza chuma kikikohoa.

Kengele ya pili, Nyamizi akapita na watoto.
"Shati lako jeupe liko kitandani,"
akasema, akaitazama grisi viwikoni mwangu,
akaenda.

Ngozi ya pistoni ilikuwa imelika yote.
Sikonge maduka yamefungwa,
lakini kiu ya zahanati haijui Jumapili.

Nikavua kiatu cha kulia,
kile cha ibada, cha harusi, cha misiba.
Ulimi wake nikaukata duara,
nikauchovya kwenye mafuta ya karanga.

Kanisani, mwinjilisti Lugusi aliomba maji.
Aliomba vizuri, hadi sauti ikakatika,
nami nikaitikia amina
huku nakaza nati ya tatu.

Sijui mistari mingi, Bwana.
Nilifundishwa kusoma ukubwani,
herufi bado zinanikimbia.
Ila spana namba kumi na tisa
naitambua hata gizani.

Vuta. Hakuna kitu.
Vuta. Kutu.
Vuta, bomba likatapika tope,
likapumua,
kisha safi.

Walipotoka walinikuta nimechuchumaa, mguu mmoja peku.
Hakuna aliyeuliza. Madumu yalishapanga foleni.
Lugusi alikinga viganja, akanywa,
akanipa mkono wake uliolowa
bila kujali grisi.

Kimebaki kiatu cha kushoto.
Nasikia bomba la Pangale nalo
limeanza kukohoa.