Deni la Seva

Aikande,
jana tulipofunga hesabu nilipita mtaa wa nondo,
nikasimama chini ya dirisha letu.
Ngazi bado inanuka kutu na chipsi za jirani.
Juu, taa ya ruta ilikonyeza, ikazima, ikakonyeza:
kifurushi kinaelekea kwisha,
hali ile naijua kama homa.

Tulianza na kompyuta mbili.
Yangu haikai na chaji.
Yako, ya kurithi, haina herufi N;
ukawa unanakili N moja na kuibandika kila mahali,
hata kwenye jina lako.

Programu tukaiita Mgongo.
Baba yako alibeba mali za watu mlimani miaka kumi na tisa:
mahema, mayai, viti vya kukunja, choo cha mgeni.
Siku ya malipo karatasi ilisema kilo ishirini,
shingo ilisema thelathini na mbili.
"Basi na shingo iandikishwe," ukasema,
ukafungua ukurasa mweupe, ukaanza kuandika msimbo
kama mtu anayeandika barua ya kushtaki.

Lango la Machame, asubuhi, manyunyu.
Wapagazi arobaini walitoa simu mifukoni:
vitochi thelathini na saba.
Ndesario akaigeuza simu yako ya kupangusa, akauliza,
"Hii yenu inapanda mpaka kambi ipi?"
Walicheka mpaka mizigo ikatikisika.
Usiku ule tulifuta kazi ya miezi minne.
Tukabakiza ujumbe mfupi: andika KILO, acha nafasi, andika uzito.

Halafu Arusha, ule ukumbi wa vioo Njiro,
dakika tano kila kikundi, maji ya chupa, majina vifuani.
Yule bwana wa mtaji akauliza soko letu lina ukubwa gani.
Ukainama chini ya meza,
ukatoa gunia la maharage.
"Jitwike, tembea hadi mlangoni, urudi, ndipo uulize."
Alijaribu, haki ya Mungu alijaribu,
tai ikamwingia mdomoni.
Tulipigiwa makofi ya kusimama.
Makofi hayalipi seva.
Maharage tuliyala wiki tatu.

Barua ya benki ilikuja Oktoba.
Nilikwambia ni kwa muda tu,
nawe hukuinua macho kwenye skrini:
"Kaa wima. Viti vya benki vinaharibu mgongo."
Nilicheka ngazi nzima. Barabarani nikaacha.

Juzi dirishani kwangu alisimama kijana
aliyeungua pua kwa jua la theluji.
Kabla ya kuweka fedha alinisukumia kitochi chake:
MGONGO: Siku 7. Kilo 20. Umelipwa zote?
"Kaka, nikijibu hapana, kampuni wataniona?"
Nyuma yake foleni ilikohoa.
Nilijua jibu, Aikande. Nililiandika mimi,
mstari wa mia nne na kumi, usiku, wewe umelala juu ya mkoba:
jina lifichwe.
"Hawakuoni," nikamwambia.
Akabonyeza kwa kidole gumba kimoja, polepole,
HAPANA.

Dola kumi na moja za seva nimetuma.
Jina langu litatokea, najua; usizirudishe.
Kupanda sikupanda.
Lakini kwenye kidato cha tatu nimeacha kibodi
ndani ya mfuko wa kaki.
Si mpya. Herufi zote zipo.
Nimeijaribu N kwanza.