Ngazi ya Thelathini

Kwenda kwa Luhende, juu kule Igogo,
ni ngazi mia na kumi na nne. Nimezihesabu.
Nyingine za saruji, nyingine mawe matupu
yaliyopangwa na mtu mwenye haraka.
Ya thelathini ina ufa, na mpapai pembeni.
Hapo ndipo ninapokaa kila Jumamosi
kuisubiri pumzi niliyoiacha chini kwa muuza mkaa.

Luhende hucheka akinisikia nahema.
"Karibu, Sumbwila Mpasua Mbingu,
ngazi ya thelathini, mwenye kuruka bila mbawa!
Maji ya kunywa yako kwenye ndoo."

Miaka tisa nimekuwa Sumbwila.
Nilianza na fimbo ya mpera na pointi sita za uhai.
Panya mmoja, ndani ya ghala la mtama,
alinibakishia moja.
Nakumbuka jasho la kiganja, dadu ikigoma kutoka,
Kashinje akinishika goti chini ya meza,
Mihayo akisema, "Usitazame, tupa tu."
Ikatua kumi na nane. Tulipiga kelele
hadi jirani akarusha kokoto kwenye bati.

Sasa karatasi yangu ina tundu
pale palipoandikwa *uhai*:
nimefuta, nikaandika, nikafuta,
raba ikatokea upande wa pili.
Nambari imehamia pembezoni, mia nne na kumi na mbili,
tunaitoa kwa kikokotoo.
Nikitaka kupiga, najumlisha arobaini na saba
kabla dadu haijaacha kuzunguka;
inabingirika kwa adabu tu,
kama mgeni abishaye hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.

Nimemuua mfalme wa mauti. Mara mbili,
maana mara ya kwanza Mihayo alikuwa msalani.
Nimekunja bahari nikaitia kibindoni.
Nimefufua wenzangu hadi wamezoea:
Kashinje akifa siku hizi haachi kumenya karanga.

Anayeteseka ni Luhende.
Mchana anauza vipuri vya injini za mitumbwi pale Mwaloni,
usiku anatafuta kitu cha kututisha.
Joka? Tulilifanya mlinzi wa geti.
Miungu saba? Tuliwakuta wamepanga foleni kuomba radhi.
Jumamosi iliyopita alifunga daftari,
akauliza polepole, kama mtu anayeulizia deni:
"Sumbwila. Hakuna adui leo. Unataka nini?"

Nikafungua kinywa.
Mimi, mwenye ukurasa mzima wa maneno ya kuhamisha milima,
sikuwa na hata moja la kumjibu.

Umeme ukakatika.
Tukawasha chemli, na wadudu wa ziwani wakaingia,
wingu zima kutoka upande wa maji,
wakaanguka kwenye karanga, kwenye chai, kwenye ramani,
wakafunika kila ufalme niliouteka.
Hawakutupa dadu. Hawakuuliza ni zamu ya nani.
"Hawa kila mmoja ana pointi moja," akasema Mihayo,
akitema bawa. "Na wametutoa mezani."

Nikateremka peke yangu. Mvua ilikuwa imepita,
mawe yanateleza, simu imezima.
Kule chini ziwa lilikuwa jeusi
na taa za dagaa zimetawanyika juu yake
kama hesabu ambayo mtu hajaimaliza.
Goti langu la kushoto, na giza, na mimi.
Hapa sina cha kujumlisha.
Nikatanguliza mguu, nikausikiliza.
Nikatanguliza mwingine.

Kwenye ya thelathini nikasahau ufa.
Nikadaka mpapai, ukayumba, tukayumba wote wawili,
moyo ukigonga kama siku ile ya panya,
kiganja kimelowa,
na hakuna mtu wa kunishika goti.

Nikakaa. Nilikuwa nacheka, gizani, kama mwehu;
mbwa wa muuza mkaa akanibwekea.
Nikafuta kiganja kwenye kanga,
nikasimama taratibu.
Zilikuwa zimebaki ishirini na tisa.